Watu Kumi na Mmoja Kwenda Kwenye Mabembea

Mpango niliuandika nyuma ya ratiba ya zamu zangu za mwezi uliopita, kwenye meza ya jikoni, nyumbani kwetu Al Mansoura, Doha. Watu kumi na mmoja, siku moja, bustani ya michezo iliyojengwa ndani ya jumba lenye kiyoyozi, ambako kuna mashua inayoning'inia hewani, treni inayopinduka kichwa chini, na vikombe vikubwa vinavyozunguka na watu ndani. Watoto wangu waliiita "kwenye mabembea", na kwetu likabaki jina hilo.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Kenya kwa mwezi mmoja, shule zikiwa zimefungwa, na alikuja na binti wa mdogo wangu wa kike, mtoto wa miaka minane. Tiketi yao ya kurudi ilikuwa ya Jumanne. Ijumaa ya mwisho kabla ya Jumanne hiyo ndiyo tuliyoichagua, na sababu ya kuichagua ilikuwa mdogo wangu. Anafanya kazi za nyumbani mji wa jirani, Al Wakrah, kwa familia yenye watoto wawili. Alimwacha binti yake akiwa na miaka mitatu. Tangu mtoto atue Doha walikuwa wameonana mara mbili, saa chache kila mara, na mara ya pili mtoto alilala muda wote kwa sababu ya homa. Mtoto alimwita bibi yake "Mama", na mama aliyemzaa alimwita "Mama wa Doha", kama mtu anavyotofautisha matawi mawili ya duka moja.

"Dada," mdogo wangu aliniambia kwenye simu, "nataka siku moja tu ambayo hataniuliza naondoka saa ngapi."

Nikaandika hilo juu kabisa ya karatasi, kwa maneno mengine: Ijumaa, siku nzima, wote.

Mimi ni muuguzi. Wodini tunafundishwa kuandika tunachokiona, si tunachokidhani. Lakini ile tabia yangu ya kutoamini neno mpaka nilisikie kwa watu wawili sikufundishwa na mtu, nilizaliwa nayo. Bei ikishushwa, mimi huuliza kilichopunguzwa. Kwa hiyo wiki mbili za kupanga safari ile zilikuwa kwangu wiki mbili za uchunguzi.

Wa kwanza kuchunguzwa alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mlinzi katika hoteli moja mjini. Alikuja jioni moja na habari kwamba ana jamaa anayemjua jamaa anayekaa dirisha la tiketi, na kwamba tukimpa nakala za vitambulisho vyetu tutaingia kwa nusu bei.

"Huyo jamaa wa jamaa," nikamuuliza, "umewahi kumwona kwa macho?"

"Shem, nimemwona kwenye picha."

"Picha ya nini?"

"Picha yake ya WhatsApp. Amesimama mbele ya gari."

"La nani?"

Mume wangu akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Shemeji akanyanyua mikono. "Shem, wewe ukipewa maji ya kunywa unauliza mto. Basi. Nakala zenu kaeni nazo."

Nikapiga simu mwenyewe bustanini na kuuliza. Nusu bei haikuwapo. Kilichokuwapo ni tiketi ya familia: wakubwa wawili na watoto wasiozidi watatu kwa bei ya chini kuliko kununua moja moja. Anayeingia kutazama tu, bila kupanda chochote, alilipa pungufu zaidi. Mtoto ambaye kichwa hakifikii mstari mwekundu ukutani hapandi michezo mikubwa bila mtu mzima kando yake. Nikayaandika yote, kisha nikapiga tena kesho yake, nikampata mtu mwingine, nikamuuliza maswali yaleyale. Majibu yalilingana, na hapo nikaridhika.

Sasa ikawa kazi ya kutugawa. Familia ya kwanza ilikuwa rahisi: mimi, mume wangu na watoto wetu watatu. Ya pili ilihitaji wakubwa wawili na watoto wawili waliobaki, yaani binti wa mdogo wangu na mtoto wa shemeji. Mdogo wangu ilikuwa lazima awemo, kwa sababu binti yake alikuwa mfupi na angehitaji mtu wa kupanda naye. Mke wa shemeji alisema yeye hapandi kitu kisichokuwa na breki, atatazama na mama. Nikaandika kwenye fomu ya simu: baba ni shemeji, mama ni mdogo wangu.

Mke wa shemeji akachungulia begani kwangu. "Kwa hiyo mume wangu ameoa tena na mimi nimeingia kutazama?"

"Ni kwa saa tano tu," nikamwambia.

"Hata saa tano, mahari yangu iko wapi?"

Mama, aliyekuwa akichambua mchele, hakuona kichekesho chochote. Alitaka kujua kwa nini tunahitaji tiketi mbili za familia. "Wote hawa wametoka kwangu, au wameolewa na waliotoka kwangu. Waambie ni familia moja, wakupe tiketi moja." Halafu akauliza swali ambalo lilimsumbua tangu siku ya kwanza: "Na ni kweli watu wanalipa ili watishwe?"

Chakula cha nje hakiruhusiwi kuingia bustanini, na bei ya cha ndani hatukuiweza. Tulikubaliana tutatoka kanisani Mesaimeer, tutakula pilau kwenye maegesho, watoto washibe kabisa, ndipo tuelekee huko, wengine kwa gari letu na wengine kwa metro. Kila kitu kilikuwa na mahali pake kwenye karatasi. Kilichokosa mahali ni mambo mawili aliyoyasema mdogo wangu wiki hiyo ya mwisho.

La kwanza lilikuwa swali. Siku ya Jumatatu alinitumia ujumbe wa sauti, akinong'ona: "Dada, hiyo bustani ina milango mingapi ya kutokea?"

La pili lilikuwa ombi. Pasipoti yake niliitunza mimi, kwenye droo ya kabati langu, kwa sababu chumba chake Al Wakrah hakina kabati lenye kufuli. Siku ya Jumanne aliniambia niibebe Ijumaa.

"Ya nini?"

"Nitakueleza tukionana."

"Nieleze sasa."

"Dada, niko jikoni. Na usimwambie mama."

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Milango mingapi. Pasipoti. Usimwambie mama. Na mtoto wake anaondoka Jumanne. Watu wetu wa hapa wanajua neno moja kwa mambo kama hayo, nalo ni kutoroka. Mfanyakazi anapewa Ijumaa, anaenda, harudi. Wiki mbili baadaye unasikia yuko chumba cha watu nane mahali fulani, karatasi zake zimeharibika, na kila aliyekuwa naye siku ile anaulizwa maswali. Nilimwona mdogo wangu akipita mlango wa nyuma wa bustani, binti yake mkononi, mimi nikibaki na tiketi ya familia yenye mama aliyepotea.

Mume wangu akasema, "Si umuulize tu?"

"Ukimuuliza anayetoroka kama anatoroka, atasema ndiyo?"

"Basi mwamini."

Hilo sikuliweza. Nilifanya kile ninachofanya siku zote: nikatafuta mtu wa pili. Nilikuwa na namba ya madam wake, yaani mama mwenye nyumba anakofanya kazi, aliyonipa mdogo wangu kwa ajili ya dharura. Nilijiambia sitasema lolote juu ya pasipoti. Nitathibitisha tu kwamba ruhusa ya Ijumaa ipo kweli. Ikiwapo, hatoroki; ikiwa haipo, nitajua.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu Kiarabu changu. Nilijifunzia kando ya vitanda: kaa, pumua, wapi panauma, umekula. Zaidi ya hapo nimejisaidia na maneno tuliyo nayo sote. Wagonjwa wazee hufurahi sana wakisikia kwamba kwetu pia kitabu ni kitabu, sabuni ni sabuni, samaki ni samaki. Hunishika mkono na kuniambia mimi ni jamaa yao. Nikaishia kuamini kwamba neno likifanana, na maana itafanana.

Nilimpigia Jumatano, wakati wa mapumziko, nikiwa nimesimama kwenye ngazi za wodi.

"Madam, mimi dada yake," nikasema, nikamtajia jina. Akaitikia kwa upole. "Ijumaa," nikaendelea, kwa sababu Ijumaa ni Ijumaa kwao na kwetu. "Ijumaa, safar. Familia yote."

"Safar?"

"Ndiyo, safar."

"Yeye na binti yake?"

"Binti yake, mama yangu, wote." Nikaona amesita, nikataka kumtuliza. "Sawa sawa," nikasema.

Nikasikia televisheni nyuma yake. Kisha akauliza, "Na pasipoti iko wapi?"

Kumbe na yeye anaijua habari ya pasipoti. "Kwangu," nikasema. "Ijumaa nitampa."

Akanishukuru, akakata simu. Nikatoa kalamu mfukoni na kuandika kwenye karatasi ya mpango: ruhusa imethibitishwa, sauti ya madam baridi. Niliporudi wodini nilikuwa na wasiwasi mara mbili ya ule niliotoka nao. Kama madam anajua habari ya pasipoti, basi si kutoroka. Na kama si kutoroka, ni kitu gani ambacho wao wawili wanakijua na mimi dada mtu sikijui?

Alhamisi nilipata ujumbe mfupi: "Kesho nakuja na watu. Usiulize."

Watu gani? Mume wangu alidhani ni rafiki zake wa kanisani. Shemeji, aliyekuwa ameitwa kuja kukata vitunguu vya pilau, alisema bila kuinua kichwa, "Ni mwanamume. Mtu akisema watu, ni mwanamume." Mkewe akampiga na kitambaa cha vyombo. Lakini mimi nililichukua neno hilo nikaenda nalo kulala.

Ijumaa ilienda kama ilivyoandikwa. Ibada, maegesho, pilau. Binti wa mdogo wangu alikula kidogo na kuuliza mara tatu kama Mama wa Doha atavaa lile gauni la njano. Walikuwa wamelichagua pamoja kwenye simu. Tulifika mlangoni saa nane mchana, nikahesabu vichwa, nikatoa tiketi. Kumi walikuwa pale. Tukamngoja wa kumi na moja.

Alitokea kwenye ngazi za umeme, na hakuwa na gauni la njano. Alivaa sare ya kazi, ya kijivu yenye kola nyeupe. Mkono wa kulia alishika msichana mdogo, wa kushoto mvulana mdogo zaidi, na begani alibeba mkoba wa maziwa na nepi. Hatua tano nyuma yake alikuja madam, amevaa abaya nyeusi na viatu vya michezo, akitazama milango.

Binti yake alikuwa ameanza kumkimbilia. Alipoona watoto wale wawili akapunguza mwendo, akasimama, akarudi kushika kanga ya bibi yake.

Nilimvuta mdogo wangu kando. "Hii nini?"

"Usiniulize, Dada. Alikuwa amekubali. Jumatatu alikubali kwa mdomo wake, kwa furaha. Juzi jioni akabadilika. Hata chakula hakuniambia ahsante. Akasema Ijumaa twende wote au nisiende kabisa."

"Juzi jioni."

"Juzi jioni. Sijui nani alimwambia nini."

Nilihesabu. Juzi ilikuwa Jumatano. Niliangalia viatu vyangu.

Tukaingia. Kwa saa nzima niliona siku ambayo mdogo wangu aliililia ikimpita mikononi. Mvulana alitaka maji, halafu choo, halafu akataka kubebwa. Msichana alitaka vikombe vinavyozunguka, na alitaka kukaa upande ule aliokaa yeye. Watoto wenyewe hawakuwa na kosa. Walimzoea, naye aliwapangusa pua bila hata kutazama, jinsi mtu anavyofunga kifungo. Binti yake alitembea nyuma yao na bibi, akiangalia.

Alichotaka mtoto kilikuwa mashua. Tangu afike Doha aliichora kwenye karatasi: mashua ndefu iliyoning'inizwa juu, inayokwenda mbele na nyuma mpaka watu wanaonekana miguu juu. Kichwa chake hakikufika mstari mwekundu. Palibaki vidole viwili. Nilimwambia nitapanda naye. Akatikisa kichwa. Mume wangu akajitolea, shemeji akajitolea na kumwambia kwamba leo kwa mujibu wa tiketi yeye ni baba yake. Mtoto hakucheka.

"Namngoja Mama wa Doha," akasema.

Akasimama kwenye foleni peke yake. Kila alipofika mbele, aliwapisha watu na kurudi nyuma. Nilimwona akifanya hivyo mara nne.

Madam alikuwa amekaa kwenye benchi linaloelekea mlango mkubwa, mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba. Mama alikaa benchi la pili na mke wa shemeji. Nilipopita madam akaniita kwa kidole.

"Wewe ndiye dada," akasema kwa Kiingereza kizuri kuliko changu. Sikuwa na habari kwamba anakijua. Nilikuwa nimempigia simu kwa Kiarabu changu chote bila kumuuliza. "Ndege ni leo au kesho?"

"Ndege gani?"

"Usinifanyie hivyo. Ulinipigia mwenyewe. Uliniambia safar."

"Ndiyo. Hii." Nikamwonyesha mashua, vikombe, treni, watoto wangu wakipiga kelele juu ya vichwa vyetu. "Hii ndiyo safari."

Alitazama juu, akanitazama mimi. "Hii? Hii si safar." Akanitajia neno lao la matembezi ya siku, sikulishika. "Safar ni kuondoka. Kufunga mizigo, kupanda ndege, kutoka nchini. Ulisema safar, yeye na binti yake, pamoja."

"Sikusema pamoja."

"Ulisema sawa sawa."

"Nilimaanisha hakuna tatizo!"

"Kwetu sawa ni pamoja," akasema, taratibu, kama anamfundisha mtoto wake. "Mtu ananiambia: wanasafiri wote pamoja Ijumaa, pasipoti ninayo, nitampa. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Aliyekuwa kwangu kabla yake alitoka Ijumaa kwenda kanisani. Nilimwekea chakula mpaka Jumapili."

Nikakaa. Nilijua nimebakiza swali moja, na safari hii niliuliza kwa lugha tunayoijua sote wawili. "Pasipoti ilikuwa ya nini?"

"Kwani hakukuambia? Mkataba. Ameniahidi miaka miwili mingine. Nilimwambia nitampa Ijumaa nzima, na Jumamosi tupeleke karatasi. Kwa hiyo alihitaji pasipoti." Akafungua mkoba, akafunga. "Nilifurahi. Halafu wewe ukapiga simu, nikajua amenidanganya."

Miaka miwili. Hiyo ndiyo siri ambayo mama hakutakiwa kuisikia, kwa sababu mama alivuka bahari na mtoto yule akiamini kwamba mdogo wangu akimwona atafunga virago na kurudi nyumbani. Mama alikuwa ameniambia hivyo mara nyingi nilipokuwa nikimsuka nywele. Mdogo wangu alikuwa amenunua Ijumaa moja kwa miaka miwili, na mimi nikaiharibu kwa simu ya dakika tatu. Na milango ya kutokea? Nilimuuliza madam. Yeye ndiye aliyetaka kujua, alisema, siku ile ya Jumatatu, ili dereva asihangaike mahali pa kumchukua.

Mama akainama kutoka benchi lake. "Anasema nini huyo?"

"Anasema watoto wake wanapenda mashua."

"Hmm," mama akasema. Sijui kama aliamini. Macho yake hayakutoka usoni pangu kwa muda.

Nikamgeukia madam. Nilimweleza kwamba ndege ya Jumanne ina watu wawili, bibi na mjukuu, na nikamwonyesha tiketi zao kwenye simu. Alizisoma zote mbili, majina, namba, saa. Alisoma kama ninavyosoma mimi. Kisha akasema, "Sasa niamini lipi? Ulilosema Jumatano au unalosema leo?"

"Usiamini lolote. Kaa hapa utazame. Watoto wako nitakaa nao mimi. Yeye mwache na wake."

"Mpaka lini?"

"Mpaka watakapofunga."

"Mpaka saa kumi na moja," akasema, akagonga saa yake.

Nilikwenda kwenye vikombe. Mdogo wangu alikuwa akimfunga msichana kamba ya kiatu. Nikamchukua mvulana kiunoni kwake, akalia kidogo, akanyamaza alipoona saa yangu ya uuguzi.

"Nipe mkoba," nikasema. "Nenda. Anakungoja kwenye mashua."

"Madam ataniua."

"Amekubali. Na kuna jambo jingine. Ni mimi niliyempigia. Jumatano."

Alisimama na kamba ya kiatu bado mkononi. "Wewe?"

"Nilidhani unatoroka."

"Dada. Ungeniuliza mimi."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza kama polisi." Akauvua mkoba wa nepi begani, akaniwekea mikononi kwa nguvu. "Na yeye amekwambia?"

"Miaka miwili. Ndiyo."

"Mama?"

"Sijamwambia."

Alinitazama kama mtu anayepima uzito wa kitu kabla ya kukinyanyua. Halafu akatoka mbio, na sare yake ya kijivu, kati ya watu.

Nikaenda kukaa karibu na madam, mvulana mapajani, msichana akining'inia kwenye mkono wangu. Kutoka pale tuliona vizuri. Mdogo wangu alifika kwenye foleni na kusimama nyuma ya binti yake bila kusema. Mtoto aligeuka kutaka kumpisha, kama alivyokuwa akiwapisha wengine, akaona ni nani. Hakumkumbatia. Alimtazama kuanzia kwenye kola, akauliza kitu, na mdogo wangu akajibu kwa kuonyesha nguo yake na kupandisha mabega. Wakacheka wote wawili, au mmoja alicheka na mwingine akafuata. Pale tulipokaa sauti haikufika.

Walipanda. Mashua ikaenda mbele na nyuma, ikapanda zaidi, nikaona sare ya kijivu na kando yake kichwa kidogo kimefichwa kwenye kwapa. Madam aliniuliza inakaa juu dakika ngapi. Sikujua. Ni swali pekee ambalo sikuwa nimeliuliza kwa simu.

Ikapungua, ikasimama. Watu wakaanza kushuka. Wakashuka baba na wanawe, wakashuka wasichana wanne wenye vitambaa vya rangi moja, wakashuka vijana wakijishika matumbo. Sare ya kijivu haikutokea. Ndipo nilipoona kwamba upande wa pili wa jukwaa, nyuma ya nguzo iliyochorwa samaki, kulikuwa na ngazi nyingine za kushukia, na zaidi ya ngazi hizo mlango.

Madam alisimama. Mimi pia nilisimama, na mtoto wake mkononi, na sitasema uongo: kwa muda wa kupumua mara tatu niliamini kila nilichokiamini tangu Jumatatu. Nilihesabu hatua za kutoka pale hadi mlangoni. Nilimtafuta mume wangu kwa macho nimwambie akimbie.

Kisha madam akanyoosha kidole. Walikuwa kwenye foleni tena. Walikuwa wamezunguka nyuma ya nguzo na kurudi mwishoni kabisa, nyuma ya familia kubwa yenye kigari cha mtoto. Mtoto alikuwa ameshika mkono wa mama yake kwa mikono yake miwili na anaongea, anaongea bila kituo, na mama yake ameinama amsikie. Mdogo wangu akainua uso mara moja, akatuona tumesimama, sisi wawili, benchi zima limesimama. Akatugeuzia mgongo.

Madam akafungua mdomo kumwita.

"Mwache," nikamwambia.

Alitazama saa yake. Foleni ilikuwa ndefu, ilipinda mara mbili, na ilikuwa ikisogea polepole sana. Tukakaa.